Mkono wa Mayu

Karibu na stendi ya Bariadi kuna mgahawa ninakokunywa supu kila Jumamosi, nikishamaliza kufundisha wakatekumeni. Runinga yao imewekwa juu ya friji, na mara kwa mara inaonesha treni ya umeme: inatoka Dar es Salaam, stesheni yenye umbo la tanzanite inabaki nyuma, abiria anatabasamu dirishani, mara Dodoma hiyo. Watu huacha kutafuna. Mwendo wa kilomita 160 kwa saa wanaujua kama wanavyojua bei ya pamba, ingawa tangu ianze kufika Dodoma mwaka 2024 wengi wetu hatujaipanda. Reli haifiki Bariadi. Katika mkoa wetu wa Simiyu inapita upande wa Malampaka, wilayani Maswa, huko huko linakopita tuta la reli mpya ya Mwanza hadi Isaka, kilomita 341, ambayo jiwe lake la msingi liliwekwa Fela mwezi Juni 2021.

Nilikozaliwa mimi ni huko, jirani na reli ya zamani.

Jumamosi moja mpwa wangu, kijana wa bodaboda, alinisogezea simu yake. "Mjomba, hebu ona hili la Wajapani." Lilikuwa tangazo la kampuni ya reli ya JR Kyushu. Tarehe 20 Februari 2011 treni moja iliyopambwa rangi za upinde wa mvua ilipita kwenye reli mpya kati ya Kagoshima na Hakata, kamera zikiwa ndani zinatazama nje. Wananchi walikuwa wametangaziwa siku hiyo: mkitaka, jitokezeni mpunge mkono. Wakajitokeza kwa maelfu. Wako mashambani, barazani, juu ya mapaa, kwenye majukwaa ya stesheni. Wanaruka, wanakimbia sambamba na treni, wameshika mabango. Treni haisimami. Kila uso unaonekana kwa kitambo cha kufumba na kufumbua, kisha unapotea.

Nililia pale mezani, supu ikapoa. Mpwa wangu akanihurumia. "Mjomba, hilo ni tangazo tu. Wanauza tiketi."

Neno lake halikuniacha wiki nzima, kwa sababu si neno la kupuuza. Kitu kilichotengenezwa ili kuuza kinaweza kubeba furaha ya kweli? Nilimpelekea swali hilo jirani yangu, mzee Mwislamu mwenye duka la vipuri, naye akanikumbusha kwamba tendo hupimwa kwa nia. Sawa, lakini nia ya nani? Aliyelipia kamera alitaka abiria, hilo halina ubishi. Yule aliyeamka Februari, wakati wa baridi kwao, akasimama pembeni ya shamba kungoja treni ambayo hakuwa na tiketi yake, alitaka nini? Hakuna aliyemlipa nauli ya kwenda popote. Alikuja kumfurahia anayepita. Nia mbili zilikutana kwenye reli moja, na sioni kwa nini ya kwanza iichafue ya pili. Mahindi ya sadaka nayo hununuliwa sokoni, kwa muuzaji anayetafuta faida yake.

Kuna jambo lingine lililonishika zaidi. Tangazo lile lilianza kuoneshwa mwanzoni mwa Machi 2011. Reli ilikuwa ifunguliwe tarehe 12. Tarehe 11 ardhi ya kaskazini-mashariki mwa Japani ikatetemeka, bahari ikapanda nchi kavu, watu zaidi ya 15,000 wakafa. Treni zilianza safari siku iliyopangwa, ila sherehe zilifutwa na tangazo likaondolewa kwenye runinga. Walifanya vema. Hata kwetu, msiba ukiingia mtaani, mwenye baa anazima muziki bila kuambiwa, na wala hatusemi kwamba muziki wake ulikuwa wa uongo.

Lakini watu walianza kulitafuta wenyewe kwenye intaneti na kupeana, wakilia na kusema limewatia nguvu. Wakati huo halikuwa tena mikononi mwa muuzaji. Hakuna aliyelitazama ili ajue nauli. Walitaka kuona binadamu wakimpungia mkono binadamu wasiyemjua. Nadhani kitu hujulikana kilivyo pale kazi yake ya kwanza inapokoma. Mtume Paulo aliwahimiza Warumi kufurahi na wenye furaha na kulia na wanaolia, na miaka yote nimefundisha kana kwamba hayo ni mambo mawili, kila moja na siku yake. Wajapani wale walifanya yote mawili kwa picha zile zile.

Mayu, mama yangu, alilima pamba kwenye shamba lililoishia karibu na reli, siyo mbali na Malampaka. Kaka yetu mkubwa alipanda treni mwaka 1974 kwenda Dar es Salaam kutafuta kazi. Iliandikwa barua moja, ya pili haikuja. Tangu hapo kila treni ya abiria ikipita, iwe inakwenda Mwanza au inatoka, Mayu alisimamisha jembe, akainua mkono wa kulia, akapunga mpaka behewa la mwisho. Vumbi likitua anarudi kwenye tuta lake. Mwanzoni tuliona ni uchungu wa mzazi, tukanyamaza. Miaka ikapita, nikawa na watoto wangu, naye bado anapunga. Siku moja nikathubutu: "Mayu, huyo unayempungia si alishapotea?"

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini anaitikia salamu. "Hao waliomo ndani," akasema, "nao wana mama zao."

Kila Jumapili kanisani tunawaombea wasafiri, wa barabarani, wa majini na wa angani. Hatuwajui hata mmoja. Nimewahi kusikia vijana wakisema sala hiyo ni ya mazoea, na mimi mwenyewe nimeitamka mara nyingi nikiwaza mchana tutakula nini. Siku hizi nikiisoma naliona lile shamba, mkono mmoja hewani, na madirisha yanayopita mbio, mengine yana watu waliolala.

Mayu alifariki mwaka 2003. Treni hakuwahi kuipanda hata mara moja. Jembe lake ninalo hapa Bariadi, limeegemezwa nyuma ya mlango, na mpini wake juu kabisa umelainika na kung'aa, pale mkono wa kushoto ulipokuwa ukibaki umeegemea.