Machozi ya Senema

Ndugu zetu Waislamu, twamkumbuka Meena Kumari, mcheza senema wa Bombay, aliyezaliwa kwa jina la Mahjabeen Bano. Alitiwa kazini hajatimiza miaka 7, na ujira wake ukawalisha jamaa zake. Alikufa mwaka 1972 kwa maradhi ya ini, hajatimiza miaka 40, na filamu yake *Pakeezah* haijatimiza miezi 2 tangu kutoka.

Je, twamlaumu yeye peke yake? Sharia imeweka chakula na mavazi ya mtoto juu ya baba, wala haikumlazimisha mtoto mdogo kumchumia baba. Na sisi tulionunua tikiti tukamlilia gizani, machozi yale yalimfaa nini?

Basi kabla ya kumhukumu maiti, tutazame majumbani mwetu: ni binti gani anayetumwa kutafuta chumo, na mahali pake ni chuoni? Mwenyezi Mungu atuongoze. Amin.