Mbegu za Giligilani na Namba Isiyo Yake

Kisa hiki nakiandika kwa sababu kimemkuta mtu mwangalifu. Angekuwa mjanjamjanja wa kukwepa kodi, nisingekuwa na la kuwaeleza wenzangu. Huyu ni mfanyabiashara wa Kariakoo anayetunza risiti zake, na sisi tunaoagiza viungo kutoka nje tunaweza kuteleza palepale alipoteleza yeye. Jina lake nalihifadhi.

Alikuwa akileta viungo vizima kutoka Gujarat, India: giligilani, jira, shamari na uwatu. Mzigo mwingi ulichukuliwa na wasagaji. Giligilani kidogo ilinunuliwa na wakulima wa bustani, ambao huipanda ili wauze majani yake. Wakulima hao wachache ndio waliofungua mlango wa balaa.

Alipobadilisha wakala wa forodha, yule mpya aliipitia ankara akaona imeandikwa mbegu za giligilani. Akamwambia kwamba katika HS, mfumo wa kimataifa wa kuainisha bidhaa, mbegu za kupanda zina namba yake, 1209, na ushuru wake ni sifuri. Viungo navyo, tangu Julai 2022 nchi za Afrika Mashariki zilipoanza kutumia daraja jipya la juu katika ushuru wao wa pamoja, viliingizwa kwenye kundi la 35%. Yule bwana aliuliza, "Kaka, lakini hii ni halali?" Akajibiwa, "Bosi, mbegu si mbegu tu? Na wakulima si wanakuja kununua kwako?" Jibu liliingia akilini. Hata mimi, nikisimama mahali pake huku meli imeshatia nanga na gharama za bandari zinapanda, sijui kama ningeuliza swali la pili.

Swali la pili lilikuwa na jibu lililoandikwa wazi. Mfumo wa HS una maelezo mwanzoni mwa sura zake, na maelezo hayo yana nguvu ya sheria. Maelezo ya 3 ya Sura ya 12 yanasema kwamba namba 1209 haihusu viungo na bidhaa nyingine za Sura ya 9, hata kama zimekusudiwa kupandwa. Tafadhali isome tena sehemu hiyo ya mwisho. Giligilani inabaki kwenye namba yake ya viungo, 0909, hata ikienda yote shambani, isibaki punje ya kutia kwenye mchuzi. Utetezi wote aliokuja kuutoa baadaye, daftari la wakulima na namba zao za simu, haukuwa na pa kushika, kwa sababu sheria haikuuliza mnunuzi ataifanyia nini. Iliuliza ni mmea gani, na punje ni nzima au imesagwa.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba karatasi zake mwenyewe zilimwonya. Ankara ya muuzaji ilikuwa na namba inayoanzia 0909, imechapwa kando ya uzito. Cheti cha uasili wa bidhaa kilikuwa na namba hiyohiyo. Tarakimu sita za kwanza za HS ni za dunia nzima, kwa hiyo aliyeko India na aliyeko Dar es Salaam wakitofautiana kwenye hizo sita, mmoja wao amekosea. Ilibidi mtu aulize ni nani. Wakala alisema Wahindi wana utaratibu wao, na yule bwana akakubali.

Onyo jingine lilikuwa mgongoni mwa magunia. Yalikuwa ya kilo 25, yameandikwa mwaka wa mavuno na tarehe ya mwisho ya kutumika kama chakula. Hayakuonyesha aina ya mbegu wala kiwango cha uotaji, mambo ambayo mkulima huyatafuta kwanza. Tena, mbegu za kupanda haziingii nchini kimyakimya. Zina vibali vyake, na TOSCI, taasisi inayosimamia ubora wa mbegu, inahusika. Yeye hakuwa na karatasi hata moja ya huko. Mtu anayetamka kwamba ameleta mbegu za shambani bila kibali cha mbegu amejitengenezea maswali mawili mahali pa moja.

Na mizigo yake ya zamani, chini ya wakala wa kwanza, ilikuwa imelipiwa kama viungo. Bidhaa ileile, muuzaji yuleyule, namba tofauti. Ndugu zangu, ushuru ukishuka ghafla na bidhaa haijabadilika, simamisha kazi uulize. Usishangilie.

Mizigo kadhaa ilipita salama, na hapo ndipo wengi wetu hujiamini. Kutolewa kwa kontena bandarini si uthibitisho kwamba namba ni sahihi. Sheria ya forodha ya Afrika Mashariki inaruhusu nyaraka kukaguliwa baadaye na ushuru pungufu kudaiwa, hadi miaka mitano nyuma. Wakaguzi walipofika dukani hawakuhitaji muda mrefu, kwani mizigo ya zamani na mipya ilikuwa kwenye faili moja.

Chukulia mzigo wenye thamani ya shilingi milioni 60. Kwa 35%, ushuru ni milioni 21. VAT nayo hupanda, maana hukokotolewa baada ya ushuru kuongezwa kwenye thamani. Juu ya deni kuna riba ya 2% kwa mwezi, ambayo kwa ushuru huo peke yake ni 420,000 kila mwezi. Miaka miwili ikipita, riba imevuka milioni 10. Faini bado sijaigusa. Giligilani yenyewe ilishauzwa zamani kwa bei iliyopangwa kana kwamba ushuru haupo, na mteja huwezi kumrudia.

Viungo vingine vina mitego yake. Giligilani nzima ni 0909.21, iliyosagwa 0909.22. Jira nzima ni 0909.31. Shamari nzima ni 0909.61. Uwatu, ingawa hukaa rafu moja na hivyo, uko 0910.99. Haradali nzima haimo kabisa kwenye Sura ya 9, iko 1207.50, na unga wake unahamia 2103.30. Ukichanganya giligilani na jira, mchanganyiko unabaki 0909. Ukitia uwatu humo, unakwenda 0910. Habasoda wengi huiita jira nyeusi, lakini ni mmea mwingine, basi usiibandike namba ya jira kwa sababu ya jina. Viwango navyo hubadilika kwa nchi na kwa mwaka, kwa hiyo soma tangazo la mwaka husika kabla ya kupanga bei.

Penye shaka, omba uamuzi wa forodha kabla mzigo haujapakiwa. Utaratibu upo. Andika jina la mmea la kisayansi, hali ya punje na ufungaji, na upeleke sampuli ikihitajika. Nawe unayeuza nje ya nchi ufanye hivyo, kwa kuwa namba isiyolingana kwenye cheti cha uasili inaweza kumnyima mnunuzi wako nafuu ya ushuru kwao.

Barua ya madai ilipomfikia yule bwana, aliikabidhi kwa wakala, ambaye aliahidi kuzungumza na watu. Una siku 30 za kuomba uamuzi upitiwe upya, kwa maandishi na kwa sababu. Zake ziliishia mezani kwa wakala. Barua kama hiyo ikikufikia, andika tarehe uliyoipokea, isome mwenyewe, kisha umtafute mtaalamu ambaye hakuhusika kuchagua ile namba. Akikuambia forodha wako sahihi, kama walivyokuwa sahihi kwa giligilani hii, omba mapema mpango wa kulipa, kwa sababu riba huhesabiwa hadi siku ya malipo.