NENO LA HAKI LISEMWE BARAZANI

 

Ndugu zetu Waislamu, leo twataka kujishitaki sisi wenyewe kabla ya kumshitaki mtu mwingine. Tulisafiri kwenda Kyuso, kaskazini ya Kitui, nchi ya ukavu ambako watu hufukua mchanga wa mito wapate maji. Tulifikia kwa Muislamu mwenzetu, mtu karimu, aliyekabidhiwa tangi la maji lililotolewa sadaka kwa ajili ya wenyeji wote. Siku ya pili pakawa na mkutano wa watu wa mtaa. Bibi mmoja wa Kikamba, asiye Muislamu, akasimama akasema: "Tuliambiwa maji haya ni sadaka. Mbona twauziwa kila mtungi?"

Watu wakanyamaza. Na sisi wenye vilemba tukanyamaza pia. Tulijua kuwa asema kweli, maana asubuhi ile tuliziona pesa zikipokewa kwa macho yetu. Lakini wali wa mwenyeji wetu ulikuwa ungali tumboni. Usiku, tulipobaki sisi kwa sisi juu ya kahawa, ndimi zikafunguka, kila mmoja akawa na lake la kumsema yule bwana. Hapo ndipo tulipoufahamu msiba wetu: neno ambalo barazani lingalikuwa nasiha, lilipofichwa liligeuka kuwa kusengenya.

Asubuhi yake mzee mmoja alituuliza: "Nyinyi watu wa pwani, hamumkumbuki mtu wetu aliyeletwa kwenu kwa ajili ya kusema?" Alimkusudia Muindi Mbingu. Mwaka 1938 serikali ya Kiingereza iliwalazimisha Wakamba wa Machakos kupunguza mifugo yao, ng'ombe wakakamatwa na kunadiwa. Mbingu akasimama mbele ya watu wake. Mwezi wa Julai wakaenda Nairobi, wanaume na wanawake na watoto, wakapiga kambi wakitaka Gavana awasikilize. Mbingu akakamatwa, akahamishiwa Lamu, akakaa huko miaka. Walakini kabla ya mwaka ule kwisha, kunyang'anya ng'ombe kwa nguvu kuliachwa. Leo barabara ya Nairobi iliyo karibu na Msikiti wa Jamia yaitwa kwa jina lake, nasi twaipita kwenda kusali wala hatujiulizi jambo.

Yeye alisema mbele ya dola. Sisi tulishindwa kusema mbele ya sahani ya wali! Na Mwenyezi Mungu ametuamrisha katika Suratun Nisaa, aya ya 135, tusimame na uadilifu, ijapokuwa ushahidi ni juu ya nafsi zetu, au wazazi wetu na jamaa zetu. Hakumtoa mwenyeji wala mfadhili.

Huenda mtu akasema: "Je, hatukuamrishwa kusitiri aibu za Waislamu?" Naam, tumeamrishwa. Lakini aibu iliyo baina ya mja na Mola wake ndiyo isitiriwayo. Haki ya watu haisitiriwi, kwani kuisitiri ni kumsaidia aliyeichukua. Wala kusema wazi si kutukana. Musa na Haruni, amani iwashukie, walipotumwa kwa Firauni waliamrishwa wamwambie maneno laini. Basi ulaini ni wa ulimi, si wa haki yenyewe.

Na udhuru wetu leo ni mdogo. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika ibara ya 33, yampa kila mtu uhuru wa kusema, na ibara ya 196 yalazimisha mabaraza ya kaunti kuwashirikisha wananchi katika kazi zao. Hatusemi kuwa khofu imekwisha. Twasema kuwa wengi wetu hatunyamazishwi na khofu. Twanyamazishwa na haya na maslaha.

Kabla ya kuondoka tulimwambia mwenyeji wetu uso kwa uso, kisha tukaenda kwa bibi yule tukamtaka radhi. Mwenyeji alikasirika. Bibi alitujibu: "Mngalisema jana." Jawabu hilo tungali nalo.

Ewe Mola wetu, tufungulie ndimi zetu panapotakiwa haki, na uzifunge panapokuwa na usengenyaji. Amin.