KUFAULU NI NINI, NA ELIMU INA KAZI GANI NDANI YAKE?



Mara tano kwa siku mwadhini anatuita kwenye swala, kisha anatuita kwenye falah, yaani kufaulu. Tumelizoea neno hilo mpaka halitushitui tena. Lakini muulize kijana wa mtaani kwetu ni nani aliyefaulu, hatafikiri mara mbili: atakutajia mwenye nyumba ya matofali ya kuchoma, mwenye jipu, mwenye depo sokoni. Je, mwadhini anatuita tuwe kama huyo?

Tazama asili ya neno lenyewe. Katika Kiarabu, falah ina mzizi mmoja na fallah, mkulima, mtu anayepasua ardhi. Mwenye kuokota almasi njiani amepata, hatusemi amelima. Mkulima anajua udongo, anajua majira na mbegu, anatoa jasho, halafu anangoja. Elimu imo katika kazi yake tangu jembe la kwanza.

Mtu atasema: mbona tunawaona matajiri wasiojua kuandika hata jina lao, na wenye diplomi ya Leta wanasukuma mikokoteni? Ni kweli, na anayekataa anajidanganya. Lakini yule tajiri si mjinga. Anajua bei, anajua njia, anajua nani wa kumkopesha na nani wa kumkwepa. Hiyo nayo ni elimu, na hakuipata usingizini. Kosa letu ni kudhani kwamba elimu ni ngazi tu ya kupandia kwenye mali. Ngazi isipotufikisha, tunaitupa. Tunasahau kwamba elimu ndiyo inayotuonyesha kwanza kama huko juu kuna kitu cha kupandia.

Mnakijua kisa cha Qarun katika Sura Al-Qasas. Alidai kwamba mali yake aliipata kwa elimu aliyokuwa nayo mwenyewe. Siku moja akatoka mbele ya watu katika fahari yake. Wako waliotamani kuwa kama yeye, na wako waliopewa elimu, ambao hawakutamani. Wote waliuona msafara mmoja, kwa macho ya namna moja. Ardhi ilipommeza Qarun, hata wale wa kwanza walielewa. Basi tofauti yao ilikuwa nini? Wenye elimu waliona kabla, wengine waliona baada.

Tuchukue jambo la nchi yetu, tena la chungu cha jikoni. Katika Bandundu ya zamani, upande wa Kwango na Kwilu, watu wanakula muhogo mchungu. Una sumu, na wamama wa huko wamejua tangu zamani namna ya kuitoa: kuuloweka majini siku tatu hivi, kisha kuukausha na kuutwanga. Barabara ya lami ya kwenda Kinshasa ilipojengwa, malori yakaja kutafuta muhogo. Ili wauze upesi, watu wakaanza kuloweka siku moja tu. Muhogo ukaenda, mafranga yakaingia.

Kisha mtoto aliyelala mzima anaamka miguu imekakamaa. Ugonjwa huo ni konzo. Kwa Kiyaka jina hilo linataja miguu iliyofungwa. Unawapata zaidi watoto na wamama, na aliyelemazwa hivyo haponi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 watafiti wa Kongo na wa Uswidi walionyesha kwamba unatokana na muhogo usiolowekwa vya kutosha, hasa kwa watu wasiopata samaki, nyama wala maharagwe.

Siku ile ya soko, nani angesema watu wale hawajafaulu? Na elimu walikuwa nayo, ya mama zao na nyanya zao. Haikupotea, ilisukumwa pembeni na haraka. (Tusiwahukumu upesi. Mwenye njaa siku tatu ni nyingi.)

Baadaye, tangu mwaka 2010, katika kijiji cha Kay Kalenge, upande wa Popokabaka, wamama walifundishwa njia nyingine ya kuongezea: unga unalowanishwa kwa maji, unatandazwa mwembamba, unaachwa juani saa 2 au kivulini saa 5 ili sumu itoke hewani, ndipo unasongwa bugali siku hiyo hiyo. Waliofuata njia hiyo hawakupata wagonjwa wapya wa konzo. Mama wa Kay Kalenge hakuongeza hata franka moja mfukoni. Hana jipu. Mtoto wake anakwenda shuleni kwa miguu yake mwenyewe. Kijana wetu, ukimtaka akuonyeshe aliyefaulu, hatamtaja mama huyo, kwa sababu hajui ni kitu gani kilichoepukwa.

Na wewe ndugu unayefanya biashara ya unga, swali ni lako kabla ya kuwa la mtu mwingine. Gunia lile lililo juu ya lori, muhogo wake ulilowekwa siku ngapi? Mnunuzi hawezi kuona kwa macho. Wewe unajua.

Wabillahi taufiki.