Mtumishi Wako Mtiifu

Barua rasmi za Kiingereza za zamani zilifungwa hivi: nina heshima kuwa, Bwana, mtumishi wako mtiifu. Hata aliyekuwa akimwachisha mtu kazi aliandika hivyo. Wanachuo wangu wa ualimu waliniuliza: je, huo si uongo?

Mimi sidhani. Mwaka 1804, huko Marekani, Alexander Hamilton na Aaron Burr walifungia maneno hayo barua zao za ugomvi. Tarehe 11 Julai walipigana kwa bastola; Hamilton akafariki kesho yake. Hakuna aliyedanganywa na tamati ile. Lilikuwa vazi la barua tu, na kila mmoja alijua uadui ulipofikia.

Uongo naona uko kwingine. Mwalimu mstaafu anauliza atalipwa lini pensheni yake. Anajibiwa kwa Kiingereza cha heshima tele: anashukuriwa, anahakikishiwa kuwa suala lake linashughulikiwa ipasavyo. Anaisoma mara tatu, asijue kama ameambiwa ndiyo au hapana. Hapo adabu imegeuka pazia.

Wahenga walisema maneno mazuri humtoa nyoka pangoni. Hawakusema humlipia mzee kodi ya nyumba. Mpe mtu jibu lake kwanza. Kisha mwite Bwana upendavyo.