Haki ya Ng'ombe Asiyekamuliwa

Mjomba wangu, mfugaji wa vihambani Kilimanjaro, alikuwa na sheria moja zizini: anayekamuliwa ndiye anayekula. Ng'ombe wa maziwa alikatiwa majani mabichi ya mtoni na kuongezewa pumba. Akishakaushwa, miezi miwili kabla ya kuzaa, alihamishiwa mabua ya mahindi yaliyokaa darini tangu mavuno. "Huyu yuko likizo," mjomba alisema. "Mwacheni atafune."

Mwaka mmoja likizo iliangukia kiangazi. Ng'ombe alizaa vizuri, ila kondo la nyuma halikutoka. Siku ya pili lilikuwa bado linaning'inia, limeanza kunuka, na mjomba akalifungia jiwe lilivute. (Ukimwona mtu anafanya hivyo, mzuie. Kizazi huumia, na anayelishika kwa mikono mitupu anaweza kuambukizwa brusela.) Zikafuata wiki za usaha, kisha miezi bila joto. Joto lilipokuja, ng'ombe alipandishwa kwa mrija mara tatu, na mara zote baada ya siku 21 akawa analia tena. Mjomba alimlaumu mpandishaji, akalaumu mbegu, akaanza hata kumtazama jirani kwa jicho la pembeni.

Bwana mifugo alitoa damu ipimwe brusela; haikuwepo. Ndipo akaomba kupanda darini. Akavunja bua moja, akalinusa. "Mzee, hili lilikuwa kijani lini?"

Mwili unapochoma chakula kupata nguvu, alieleza, hutoa cheche: oksijeni kali inayochubua kuta za seli. Kwa kawaida huzimwa. Lakini wiki za mwisho za mimba na za mwanzo za maziwa, kazi huwa nzito na cheche huzidi. Kati ya vizimio vyake vikubwa, kimoja ni vitamini E, inayokaa kwenye ukuta wenyewe wa seli, na kingine ni kimeng'enya ambacho hakiundwi bila madini ya seleniamu. Majani mabichi yana vitamini E tele. Yakikauka juani na kukaa miezi, sehemu kubwa hupotea. Seleniamu hutoka udongoni, na udongo ukipungukiwa, majani nayo hupungukiwa. Sasa, ng'ombe akishazaa, chembe nyeupe za damu ndizo husaidia kulibandua kondo. Zikichubuliwa na cheche, hulegea. Kondo hubaki, vijidudu huingia, na kizazi chenye uvimbe hakishiki mimba.

Mjomba alielewa haraka mno. Kesho yake alitaka ng'ombe adungwe seleniamu dozi mbili kwa mpigo. Bwana mifugo alikataa katakata: kinachohitajika ni kama miligramu 0.3 tu kwa kila kilo ya chakula kikavu, na ikizidi sana ni sumu. Nywele za mkia hunyonyoka, kwato huharibika. Isitoshe, muda wa kuzuia ulishapita. Yule ng'ombe aliishia kwa mchinjaji, kwa bei ya nyama.

Amebaki binti yake, mtamba mwenye mimba ya miezi saba. Sasa yeye ndiye anayekatiwa majani kwanza, na mjomba bado hunung'unika: "Huyu hatoi hata tone."

"Hata mimi nilipokuwa na mimba sikuwa natoa tone, baba watoto," mkewe humjibu. "Lete panga."