Kweli Isiyoaminiwa: Tafakuri juu ya Kura za Armenia

Wahenga walisema ahadi ni deni, lakini hawakusema deni hilo hulipwaje pale mdai mwenyewe anapokataa kulipokea. Je, kiongozi awaambie watu lile lililo kweli, au awaambie lile wanalotamani kulisikia? Katika darasa la maadili jawabu ni jepesi. Mbele ya sanduku la kura si jepesi hata kidogo, kwani mpiga kura ndiye hakimu, na hakimu huyo aweza kumwadhibu msema kweli na kumtunuku msema tamu. Hapo hapo huzuka swali la pili lililo gumu kuliko la kwanza: uongo ukisemwa kwa sababu watu wameutaka, dhambi yake ni ya nani?

Ni nchi chache zilizoyaonja maswali haya kwa uchungu kama Armenia, nchi ndogo ya milimani kusini mwa Kaukasi, yenye watu wapatao milioni tatu. Vyama vyake vya siasa vina umri mkubwa kuliko dola yake. Chama cha Hunchak kiliundwa Geneva mwaka 1887, na Dashnak kikaundwa Tiflis mwaka 1890, wakati Waarmenia wangali wamegawanyika chini ya sultani wa Uturuki na mfalme wa Urusi. Dola ilipopatikana mwaka 1918, Dashnak ndicho kilichoishika. Na katika uchaguzi wa bunge wa 1919 wanawake walipiga kura, na watatu miongoni mwao wakachaguliwa. Dola hiyo haikudumu. Mwishoni mwa mwaka 1920 ilimezwa na Wasovieti, na kwa miaka sabini hapakuwa na uchaguzi wenye maana. Haya yafaa kukumbukwa, kwa kuwa chama kilichozaliwa kabla ya nchi, katika uhamisho na msiba, hujifunza kuapa kabla ya kujifunza kuhesabu. Kiapo hakina nusu. Siasa ya kura, kwa upande wake, ni kazi ya nusu na robo, ya kutoa hiki ili kibaki kile.

Armenia mpya ilizaliwa kwa kura safi. Tarehe 21 Septemba 1991 wananchi waliukubali uhuru kwa wingi mkubwa kabisa, na mwezi uliofuata wakamchagua Levon Ter-Petrosyan kuwa Rais wao wa kwanza, kwa asilimia 83 ya kura. Mtu huyu hakutoka jeshini wala katika ofisi za chama cha kikomunisti. Alizaliwa Aleppo mwaka 1945, akawa mwanazuoni wa lugha na mfasiri wa maandiko ya kale, na kwa miaka alifanya kazi Matenadaran, hazina kuu ya miswada mjini Yerevan. Kilichomtoa katika miswada na kumtia katika siasa ni Karabakh.

Karabakh lilikuwa jimbo ndani ya Azerbaijan ya Kisovieti, na wengi wa wakazi wake walikuwa Waarmenia. Mwaka 1988 baraza la jimbo liliomba liunganishwe na Armenia. Ombi hilo lilifuatwa na fujo na mauaji, kisha vita kamili, mpaka silaha ziliponyamaza Mei 1994. Waarmenia walikuwa wameshinda. Walilishika jimbo lenyewe pamoja na wilaya nyingi zinazolizunguka, na mamia ya maelfu ya Waazerbaijani wakang'olewa makwao, kama Waarmenia wengi walivyokwisha kung'olewa Baku na Sumgait. Lakini ushindi huo ulikuwa na tundu chini yake. Hakuna dola hata moja mwanachama wa Umoja wa Mataifa iliyoitambua Karabakh kuwa nchi. Armenia yenyewe haikuitambua rasmi.

Ter-Petrosyan aliliona tundu hilo na akalisema. Katika Septemba 1997 mbele ya waandishi wa habari, kisha Novemba katika makala iliyouliza kama ni vita au amani, aliwaambia watu wake kwamba hali ile haiwezi kudumu. Kwamba dunia haitaikubali, na Azerbaijan haitabaki dhaifu milele. Kwamba ni bora kurejesha baadhi ya ardhi na kupatana wangali na nguvu, kuliko kungoja. Miezi michache baadaye alikuwa ameondoka. Mawaziri wake wenyewe walimpinga, akiwamo Waziri Mkuu Robert Kocharyan, na tarehe 3 Februari 1998 akajiuzulu. Kocharyan akashika nafasi yake.

Kisa hiki husimuliwa mara nyingi kama kisa cha nabii aliyekataliwa na watu wake. Usimulizi huo ni mzuri, ila umeacha jambo. Mwaka mmoja kabla ya kuisema kweli yake, Ter-Petrosyan alikuwa ameshinda muhula wa pili katika uchaguzi wa Septemba 1996, kwa asilimia isiyofika 52, juu ya mpinzani wake Vazgen Manukyan. Nusu ya nchi haikuyasadiki matokeo hayo, na waangalizi wa kimataifa walitaja kasoro kubwa. Umati ulilivamia bunge, na vifaru vikaingizwa katika barabara za Yerevan. Kabla ya hapo, Desemba 1994, kiongozi huyo huyo alikuwa amekifungia chama cha Dashnak. Kwa hiyo aliposimama mwaka 1997 kuwataka watu waimeze dawa chungu, watu walimtazama mkono kabla ya kuitazama dawa. Mtu aliyeshukiwa kuchezea hesabu ya kura, angeaminiwaje katika hesabu ya vita na amani?

Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Aghalabu watu huutenga uaminifu wa kura na uaminifu wa kauli, kana kwamba ule wa kwanza ni kazi ya makarani na huu wa pili ni kazi ya wahubiri. Kumbe ni amana moja. Kura isiyo safi haimpi mtu kiti tu, humnyang'anya ulimi. Aweza kutawala, aweza kuamrisha, lakini siku atakapotaka kuwaambia watu jambo zito lenye kuwauma, atakuta hana wa kumsikiliza. Kweli huhitaji mahali pa kutua, na mahali pake ni imani ya msikilizaji.

Miaka ishirini iliyofuata iliizidisha hasara hiyo. Oktoba 1999 watu wenye silaha waliingia bungeni na kuwaua watu wanane, wakiwamo Waziri Mkuu Vazgen Sargsyan na Spika Karen Demirchyan, ambao muungano wao ulikuwa umeshinda uchaguzi miezi mitano tu kabla. Machi 2008, baada ya uchaguzi wa Rais uliotangazwa kuwa Serzh Sargsyan ameushinda na Ter-Petrosyan ameshindwa, maandamano yalivunjwa kwa nguvu na watu kumi wakafa. Chama cha Republican kikaota mizizi. Kuelekea uchaguzi wa 2017 zilitangazwa sauti zilizorekodiwa za wakuu 114 wa shule za watoto, wakieleza jinsi walivyokusanya majina ya wazazi watakaokipigia kura chama hicho. Katika miaka yote hiyo hakuna chama kikubwa kilichothubutu kurudia maneno ya 1997. Wote walikuwa wameona yaliyompata aliyeyasema. Juu ya jambo lililo kubwa kuliko yote, vyama vilishindana kwa sauti, si kwa rai.

Kisha likaja neno la Sargsyan. Aprili 2014, katiba ilipokuwa ikiandaliwa kubadilishwa ili madaraka yahamie kwa Waziri Mkuu, alitamka hadharani kwamba hatautaka uwaziri mkuu. Muda wake wa urais ulipokwisha, tarehe 17 Aprili 2018, bunge likamchagua kuwa Waziri Mkuu. Barabara zilikuwa zimekwisha kujaa watu. Mbunge wa upinzani, Nikol Pashinyan, aliyekuwa mwandishi wa habari, alikuwa ametembea kwa miguu kutoka Gyumri hadi Yerevan, na maelfu wakaungana naye. Siku sita baada ya kuchaguliwa, Sargsyan alijiuzulu, akikiri kwa kinywa chake kwamba Pashinyan alikuwa na haki na yeye amekosa. Haikufyatuliwa risasi hata moja. Deni la ahadi lilidaiwa kwa amani, likalipwa.

Uchaguzi wa Desemba 2018 ulikuwa safari hii kama ule wa 1991: waangalizi waliusifu, na muungano wa Pashinyan ukapata asilimia 70. Chama cha Republican hakikupata hata kiti kimoja. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi, Armenia ilikuwa na kiongozi ambaye watu walikuwa tayari kumsikiliza hata kama angewaambia neno chungu. Lile lililokosekana mwaka 1997 lilikuwapo sasa, tena kwa wingi.

Nalo halikutumiwa. Agosti 2019, katika mkutano wa hadhara mjini Stepanakert, makao makuu ya Karabakh, Pashinyan alitamka kwamba Karabakh ni Armenia, na kwamba hapo maneno yamekwisha. Uwanja ulishangilia. Wa kwanza alikuwa na kweli bila imani. Huyu alikuwa na imani, akaitumia kusema lile ambalo lilikuwa limekwisha kusemwa na kila mtu. Septemba 2020 Azerbaijan ilianzisha mashambulizi, na katika siku 44 maelfu ya vijana wa pande zote mbili walikufa. Armenia ilishindwa. Hapana awezaye kuapa kwamba neno la kweli mwaka 2019 lingeizuia vita hiyo, kwani vita huamuliwa na pande mbili. Lakini watu wangeingia katika msiba wao wakijua hatari yake. Mficha maradhi, kifo humwumbua.

Wako watakaosema, na hoja yao si ya kudharauliwa, kwamba kiongozi ana wajibu wa kwanza wa kubaki. Akiisema kweli akang'olewa, kweli yake haimfai mtu, na atakayemrithi atakuwa mbaya zaidi. Basi na anyamaze, aongoze chombo polepole kuelekea bandari asiyoitaja. Kisa cha 1998 chaonekana kuwapa ushahidi. Hata hivyo hoja hii yasahau asili ya kura. Kura ni uwakala. Mwenye shamba anapomweka wakala, wakala huyo hawezi kuuza alichokatazwa, wala kuficha kwamba shamba lina mdai mwingine, kisha akasema ametenda kwa idhini. Idhini iliyotolewa gizani si idhini. Nahodha naye aweza kubadili tanga bila kuwauliza abiria. Bandari waendako hawezi kuwaficha, kwani ni wao waliopanda.

Juni 2021 Waarmenia walipiga kura tena. Wengi nje ya nchi walidhani kiongozi aliyeshindwa vitani hatanusurika. Chama cha Pashinyan kilipata asilimia 54, na muungano wa Kocharyan asilimia 21. Waliojitokeza hawakufika nusu ya wenye haki ya kupiga kura. Chama cha Ter-Petrosyan hakikufika hata asilimia mbili. Katika matokeo hayo kuna somo ambalo watawala hawalipendi: watu waweza kumsamehe aliyeshindwa kuliko wanavyomsamehe aliyewaibia. Wale walioichukia siku ya kushindwa waliichukia zaidi siku ya kurudi kwa watu wa zamani. Lakini hata hapo ilani ya washindi ilikuwa bado inazungumzia haki ya watu wa Karabakh kujiamulia mambo yao. Neno la kushusha madai lilisemwa bungeni Aprili 2022, baada ya kura kuhesabiwa. Mwezi Oktoba mwaka huo, mjini Prague, Armenia na Azerbaijan zilikubali kutambuana mipaka. Septemba 2023 majeshi ya Azerbaijan yaliichukua Karabakh yote katika siku moja, na Waarmenia zaidi ya laki moja wakafunga milango ya nyumba zao wakashika njia ya Armenia.

Basi lawama ni ya nani? Mpiga kura hakosi fungu lake. Aliyeziba masikio mwaka 1997 hawezi kudai mwaka 2023 kwamba hakuambiwa. Lakini mafungu hayalingani. Mwananchi wa kawaida hakuyaona mafaili. Hakukaa katika vikao vya wapatanishi. Alilijua lile aliloambiwa na waliopewa kazi ya kujua. Tena alikuwa na sababu ya kutowaamini: alikuwa ameona kura yake ikigeuzwa na mwalimu mkuu wa mwanawe akiandikisha majina. Ukiwazoesha watu uongo katika mambo madogo, huwezi kuwalaumu wakikosa kuitambua kweli katika jambo kubwa.

Ter-Petrosyan mwanazuoni alikuwa amezoea kazi ya kulinganisha nakala za mswada mmoja mpaka ajue ipi ni ya kutegemewa. Msomaji wa miswada hamwamini mwandishi kwa sababu kaandika sentensi moja iliyo sahihi. Humwamini kwa sababu mistari mingine yote, ile midogo isiyo na umuhimu, aliinakili bila kughushi. Watu nao humsoma mtawala hivyo hivyo. Huanza na mistari midogo: kura ya diwani, orodha ya shule, ahadi iliyotolewa miaka minne iliyopita. Akiwa ameighushi hiyo, siku atakapoandika mstari wa kweli wataupita. Na gharama ya kuupita, kama ilivyoonekana katika misururu ya magari iliyojaa barabara ya milimani Septemba ile, hulipwa na wengine.